Nilivyoua mmea wa Shosh, kisha nikajaribu kuufufua kwa wembe

Shosh aliporudi kutoka Murang'a mwezi Machi, hakuangalia kuku wake kwanza, wala hakuuliza kodi yangu ya Februari. Aliweka kiondo chini, akainua macho hadi kwenye ndoano ya baraza ambapo chungu chake huning'inia, akanyamaza kwa muda. Kisha akaniita.

"Kijana wangu, huu mti umekula nini?"

Lilikuwa swali la haki, kwa sababu mti wenyewe hula. Na jibu, ambalo sikulitoa siku hiyo, ni kwamba mimi ndiye niliyeulisha. Nilikuwa nimeutilia mbolea ya mbuzi, vijiko viwili vikubwa, nikidhani nausaidia.

Acha nirudi nyuma kidogo. Shosh ndiye mwenye nyumba hapa Buruburu, mimi nimepanga chumba cha nyuma. Si nyanya yangu wa damu, ila mtaani kila mtu humwita hivyo. Alikuwa ameenda ushago wiki tano kumuuguza dadake, akaniachia funguo, kuku watatu na chungu kimoja. Kuhusu kuku alinipa maagizo ya nusu saa. Kuhusu mmea alisema tu, "Uwe unaumwagilia." Mmea huo alinunuliwa na marehemu mumewe kwenye kitalu cha kando ya Ngong Road, miaka mingi kabla mimi sijaijua Nairobi, na ndio kitu pekee pale nyumbani ambacho nimewahi kumsikia akikisalimia asubuhi.

Kama hujawahi kuuona, ni mmea wa kutambaa, majani yake marefu na ya kung'aa kama ya mwembe mchanga. Lakini jani haliishii pale ulipozoea. Ncha yake inatoa kijikamba, kijikamba kinashuka, kinajikunja, na mwisho wake unavimba polepole kuwa mtungi wenye mfuniko. Mitungi ninayosema si ya gesi, wala ile ya keg. Ni vijagi vya urefu wa kidole, vya kijani kilichochanganyika na wekundu, na ndani mna maji yaliyotengenezwa na mmea wenyewe. Mdomoni kuna ukingo unaotoa utamu wa kuwaita wadudu. Ukingo ukiwa mkavu, sisimizi anapita juu yake vizuri tu, analamba na kwenda zake. Ukilowa kwa mvua au umande unakuwa utelezi kabisa, na yule yule aliyepita salama mchana anatumbukia jioni. Kule chini maji yana asidi na vimeng'enya vya kumyeyusha taratibu.

Jina lake la kitaalamu ni Nepenthes. Mswidi Carl Linnaeus ndiye aliyelitoa, akiliazima kutoka kwa dawa ya kusahaulisha huzuni iliyotajwa katika utenzi wa Odisei wa Homer. (Sisi wawili hapa Buruburu haikutusahaulisha chochote.) Kuna zaidi ya spishi 150, nyingi zikiwa Borneo, Sumatra na Ufilipino. Afrika bara hakuna hata moja ya asili. Zilizo karibu nasi ni zile za Madagaska na ya Shelisheli, na kwa kweli ya Madagaska ndiyo ya kwanza kuandikwa na Mzungu: Mfaransa Étienne de Flacourt aliutaja mmea huo katika kitabu chake cha mwaka 1658. Wa Shosh ni mchanganyiko wa spishi mbili za Ufilipino, unaouzwa sana duniani kwa sababu ni mvumilivu.

Mvumilivu, ndiyo. Lakini kila uvumilivu una mwisho, na mimi niliutafuta kwa bidii.

Hii mimea hula wadudu kwa sababu ya shida. Kwao inaota kwenye ardhi isiyo na rutuba, vinamasi, miamba, mchanga uliooshwa na mvua kila siku. Chakula cha mizizi hakuna, hivyo nitrojeni na fosforasi inazipata kwa sisimizi na nzi. Mizizi yake yenyewe ni dhaifu, myeusi na myembamba kama nywele, haijazoea kupewa chochote kizito. Ukiitilia mbolea ya mbuzi, chumvi zinaiunguza. Mimi sikuishia hapo. Mifereji ya kaunti ilikuwa imekauka wiki ile, tukawa tunanunua maji ya borehole kwa mkokoteni. Maji ya borehole za Nairobi yana madini mengi, floraidi ikiwemo. Angalia sufuria yako unayochemshia chai uone ule ukoko mweupe. Ukoko huo huo ndio niliokuwa nikiumwagia mmea asubuhi na jioni, chungu kikibaki rojorojo. Maji ya mfereji yanayotoka Ndakaini ni mepesi zaidi, na ya mvua ndiyo bora kuliko yote.

Kufikia siku Shosh aliporudi, shina lilikuwa jeusi kutoka kwenye udongo hadi kimo cha kiganja, na ukilibonyeza linatoa maji. Mitungi ya chini ilikuwa imekauka. Huko juu tu, karibu mita moja ya shina, bado kulikuwa na kijani.

Siku ya tatu nikaungama. Nilimwambia kila kitu, mbolea, maji, hata ile siku niliyoufunika kwa gazeti nikidhani unasikia baridi. Hakupiga kelele, na hiyo ni mbaya kuliko kelele. Aliuangalia mmea, akaniangalia, akasema, "Kwani viazi vitamu tunapanda vipi? Si tunakata?"

Mimi nilikuwa nimekesha siku mbili mtandaoni nikitafuta hekima hiyo, na hapa mama wa miaka sabini na kitu ananipa kwa sentensi moja. Muhogo, miwa, nepia, viazi vitamu: sisi ni watu wa vipandikizi tangu zamani. Kipande cha shina chenye kifundo kina kila kitu kinachohitajika kuwa mmea mzima. Tofauti ni kwamba mche wa kiazi kitamu ukiuchomeka kwenye udongo wenye unyevu, wiki moja mizizi iko nje. Huu wa mitungi unaweza kukuweka miezi miwili, mitatu, hata zaidi, ukiwa hujui kama unatunza mmea au maiti.

Tulikata Jumamosi ya mwisho ya Machi, mvua ndefu zikianza. Wembe mpya, nikaupangusa kwa spiriti. Makasi butu yanaponda shina, na pale lilipopondeka ndipo kuoza kunapoingilia. Jambo la kwanza ni kuhakikisha uozo haujapanda kwa ndani. Shina linaweza kuwa kijani nje ilhali katikati limeshakuwa kahawia. Nilikata kipande kimoja, ndani kahawia. Nikapanda juu sentimita chache, bado kuna doa. Mara ya tatu ndipo ikatoka safi, weupe wenye ukijani. Shosh alikuwa amesimama mlangoni na kila nikikata anavuta pumzi.

Shina lililobaki nililigawa mara nne. Cha juu kabisa, chenye ncha, nilikiachia majani matatu. Vile vitatu vya katikati majani mawili mawili. Ukitazama vizuri pale jani linapokutana na shina, juu yake kidogo kuna kijicho. Hicho ndicho kitakachochipuka, kwa hivyo kata chini kidogo ya kifundo, uache jicho la juu likiwa zima, na usije ukachanganya juu na chini. Inaonekana kichekesho mpaka uwe na vipande vitatu vinavyofanana mezani. Mimi niliweka alama kwa kalamu.

Kisha ikaja sehemu iliyoniuma. Majani yote yanakatwa nusu, yale mazuri, na mitungi iliyobaki inaondolewa. Sababu ni rahisi ukiifikiria. Kipandikizi hakina mizizi, hakinywi, lakini jani linaendelea kupumua maji nje mchana kutwa. Ukiliacha jani lote, kinakauka kabla hakijaanza. Ukiondoa majani yote, hakina pa kutengenezea chakula cha kuotesha mizizi. Nusu ni maelewano. Shosh aliokota mitungi mitatu iliyokuwa bado na rangi, akaenda nayo ndani. Sijawahi kuuliza iko wapi.

Wengi husisitiza homoni ya kuotesha mizizi, ile poda ya agroveti. Nilipaka kwenye vyote vinne, kwa hivyo siwezi kukwambia kama ilisaidia. Wengine wanachomeka tu kwenye glasi ya maji safi, wanabadilisha kila baada ya siku chache, na kwa machotara wagumu kama huu inawezekana. Udongo wa kawaida wa shamba, sahau kabisa.

Kile kinachopendwa zaidi duniani ni sfagnamu, majani laini kama sifongo yanayoota kwenye vinamasi vya baridi, huuzwa yakiwa yamekaushwa. Hapa ni ya kuagizwa na bei yake si ya mtu anayedaiwa kodi. Usiende kuyachuna kwenye milima yetu, tafadhali. Yale ni maeneo ya hifadhi na ndiyo yanayotushikia maji. Nilinunua vya kutosha kuzungushia tu sehemu ya chini ya kila kipandikizi. Kilichobaki nikajaza kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, na pamisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Longonot. Mashamba ya waridi hutumia vyote viwili kwa hivyo si vigumu kupata. Onyo moja: kokopiti huweza kuja na chumvi yake. Iloweke, ioshe, mwaga, rudia mara kadhaa. Ningekuwa nimeua ule mmea mara ya pili kwa kosa lile lile.

Halafu kuna kifuniko. Video zote nilizotazama zinasema ufunike kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha. Ndugu yangu, sisi mifuko ilipigwa marufuku mwaka 2017. Nilitumia chupa za maji za lita tano, nikazikata chini, nikazifunika kama kofia. Kifuniko cha chupa ndicho dirisha: ukiona mvuke umejaa sana unafungua saa moja, ukiona pamekauka unafunga. Nikaziweka mahali penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Chupa juani saa sita mchana ni jiko.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja si kitu nilichofunzwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kusema ukweli pia kwa sababu sikuona mbele. Sasa hapa nina chupa nne dirishani ambazo kila asubuhi ziko vile vile zilivyokuwa jana.

Kipandikizi cha kwanza kilikufa wiki ya tatu. Kilianza na ukungu mweupe kwenye jani, kesho yake shina jeusi. Nadhani kilikuwa kile kilichokatwa karibu zaidi na uozo, na nilikuwa nimefunga chupa siku nyingi mno bila kuingiza hewa. Nilikitoa upesi kisiambukize wengine.

Cha pili niliua kwa mikono yangu, na hiki ndicho bado kinaniuma. Ilikuwa katikati ya Mei. Kilikuwa kijani kabisa, kimesimama, nikashindwa kuvumilia. Nilitaka tu kujua. Nikakivuta kidogo, kikakataa, na badala ya kuelewa kwamba kukataa kwenyewe ndilo jibu, nikavuta tena. Kilitoka na nusu ya vimizizi vyake. Nusu nyingine ilibaki kwenye sfagnamu, nyuzi nyeusi tatu au nne. Nilikirudisha nikijua tayari. Mwisho wa mwezi kilikuwa kimeisha. Kwa hivyo mimi ninayekuandikia nimeua kipandikizi kilichokuwa tayari kimeshika. Ukitaka kujua hali, angalia jicho. Likianza kuvimba na kutoa ncha nyekundu au ya kijani ni dalili nzuri, ingawa linaweza kuchipuka kwa akiba iliyo kwenye shina kabla mizizi haijatoka. Mizizi itaonekana yenyewe kwenye matundu ya chini ya kopo.

Shosh nilimwambia kimoja kimekufa. Kuhusu cha pili nilisema pia kimekufa, sikusema vipi. Sasa atasoma hapa.

Juni jicho la kipandikizi cha tatu lilifunguka. Cha nne, kile chenye ncha, kilikaa tu. Julai ikaingia na baridi yake, nikawa na wasiwasi, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Mimea hii hugawanywa kwa makundi mawili makubwa, ya nyanda za chini yenye kutaka joto usiku na mchana, na ya milimani inayotaka mchana wa wastani na usiku wa baridi. Nepenthes rajah, yenye mitungi mikubwa ambayo imewahi kukutwa na panya waliozama, huota mlima Kinabalu kule Borneo kuanzia kimo cha mita 1,500 hivi. Nairobi tuko kama mita 1,700. Usiku wetu wa Julai, ule unaotufanya tuvae soksi mbili, ndio watu wa Ulaya wanaulipia umeme kwenye mashine za kupoza ili waupate. Mombasa nayo ingefaa zile za joto bila gharama yoyote. Tunachokosa huku juu ni unyevu wa hewa, hasa Januari na Februari. Baridi ilikipunguza kasi kipandikizi changu, haikukiua.

Agosti nikaona uzi mweusi kwenye tundu la kopo la nne. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Hata hivyo hukimbilii kuondoa chupa. Unaifungua kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, mmea uzoee hewa ya nje, la sivyo majani mapya yananyauka kwa siku moja.

Nikaanza kupiga hesabu za doo, kwa nini nikufiche. Niliweka picha mtandaoni na jumbe zikaja: bei gani, uko na mingapi, unaweza kutoa hamsini? Hamsini! Nina miwili, na mmoja si wangu. Kuna vijana wanaokuambia mimea adimu ni pesa ya haraka. Hesabu yangu ni hii: Machi hadi Agosti, vipande vinne, viwili vimekufa. Itabidi huu wangu ukue tena mwaka mmoja au zaidi kabla sijathubutu kuukata. Ni hasla, lakini ni hasla ya mtu mwenye kazi nyingine.

Tena mmoja akaniuliza kama naweza kumpatia anayeleta kutoka nje "bila makaratasi". Hapana. Nepenthes zote ziko kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, na rajah pamoja na khasiana ya India ziko kwenye orodha kali zaidi. Kuingiza mmea wowote Kenya kunataka kibali cha KEPHIS kabla haujasafirishwa, na cheti cha afya ya mmea kutoka unakotoka. Watu wanapokwepa hayo, mara nyingi mmea wenyewe umeng'olewa porini. Tangu enzi za Malkia Victoria, kampuni ya Veitch ya London ikituma watu Borneo kuitafuta, kuna spishi zimeandamwa kwa ajili ya madirisha ya watu. Kila kipandikizi kinachoshika kopo ni mmea mmoja ambao hakuna aliyehitaji kuung'oa mlimani.

Kuna jambo moja vipandikizi haviwezi. Nepenthes huwa na dume na jike kwenye mimea tofauti, na kipande huwa na jinsia ya mama yake daima. Sijui wa Shosh ni yupi, haujatoa maua mbele yangu. Yeye anasema ni mwanamke. Nilipomuuliza amejuaje, alisema kwa sababu umeishi na mimi wiki tano na bado haujafa.

Nilimpa kile chenye ncha, kwenye chungu kile kile cha zamani nilichokisugua na kukisuuza kwa maji ya mvua. Mitungi haikutoka mara moja. Majani mawili ya kwanza yalitoa vijikamba vitupu vilivyokauka. Jani la tatu, mwanzoni mwa Oktoba, kijikamba kilivimba. Kilikuwa kama punje ya mchele, kisha kama ndengu, kisha siku moja mfuniko ukaachana na mdomo na ndani mkawa na maji, kijiko hakijai. Shosh alivuta kiti akakaa chini yake jioni nzima akingoja sisimizi wa kwanza.

Alipokuja, hakutumbukia. Alizunguka ukingoni, akalamba, akaondoka.

"Kesho," Shosh akasema, akiingia ndani. "Na ile ya Februari bado nakudai."